Viganja vya watoto na miezi ya katani

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa baba watoto. Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu jikoni niliposoma kuwa wanao wanataka kumpa bibi yao zawadi ya Krismasi "isiyonunuliwa dukani". Umeniuliza namna ya kufanya viganja vya unga wa chumvi, zile alama za mikono ya watoto zinazokandamizwa kwenye unga na kukaushwa. Nakueleza, ila ujue mimi hapa Tanga sivifanyi. Hewa ya bahari haivitaki. Chumvi huvuta unyevu, basi masika yakishika, kiganja kilichokuwa kikavu kinatoa jasho na kulegea. Ninyi wa Dodoma, pamoja na vumbi lenu, hapo mmetupiga bao.

Chukua unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, na maji kama kikombe 1, uyamimine kidogo kidogo huku ukikanda hadi usigande mikononi. Sukuma unene wa sentimita 1 hivi; ikiwa nyembamba itapinda ikikauka. Mkubwa atabandika kiganja mwenyewe. Kitinda mimba usishindane naye, maana mtoto wa umri ule ukimshika mkono anakunja ngumi. Ngoja alale, uchukue unyayo. Toboa tundu la uzi kwa mrija wakati unga bado mbichi, na nyuma andika kwa njiti ya kiberiti jina, umri na mwaka. Umri usiusahau. Watu wengi huandika jina tu, baadaye hakuna anayejua mguu ule ulikuwa wa lini. Anika kivulini kwanza huku ukigeuza, ndipo upeleke juani; jua la ghafla hupasua. Vikikauka kabisa paka vanishi pande zote mbili. Na usiwaache waulambe huo unga, shoga. Chumvi nyingi kiasi kile ni hatari kwa mtoto mdogo.

Sisi huku ni katani. Idd iliyopita tulitengeneza miezi. Tulikata chelewa mbichi, vile vijiti vya makuti ya mnazi, kwa kuwa kavu huvunjika, tukazikunja mbili mbili, moja imejipinda zaidi ya mwenziwe, tukafunga ncha zikawa mwezi mwandamo. Watoto wakazungushia singa za katani tulizochemsha na zile rangi za kutilia ukili wa mikeka wanazouza sokoni. Kuchemsha ni kazi ya mtu mzima. Kusokota na kuzungusha waachie wao, hata ikichukua jioni nzima na katani ikatapakaa hadi kitandani.

Shangazi yao alitaka kuifumua ile miezi usiku aizungushie upya, ati iwe sawasawa. Nikamkatalia. Iliyo sawasawa imejaa madukani! Bibi anataka ule mzunguko uliolegea kama kilemba cha bwana harusi aliyechelewa, ndio mkono wa mjukuu wake huo.

Wakiwa wanasokota, mkubwa wangu akauliza mkonge ulitoka wapi. Nikamwambia kuna Mjerumani, Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 mwaka 1893, na iliyofika hai Kikogwe, kule Pangani, ikawa 62 tu. Akanyamaza, kisha akaanza kuokota singa zilizoanguka sakafuni. Alikataa kabisa tuzitupe.

Kwa Krismasi yenu fanyeni nyota, ni rahisi kuliko mwezi: chelewa tatu zikipishana katikati, unafunga, mtoto anazungushia. Nitakutumia fungu la katani iliyokwisha kuchanwa, nitampa kondakta wa basi. Usihangaike kuwatafutia jani bichi la mkonge waone katani inavyotoka. Utomvu wake unawasha na ile ncha ni mwiba mtupu.

Nijulishe tu rangi. Nyekundu ninayo, ya kijani mpaka niende sokoni, kwa hiyo usichelewe kujibu.

Shogayo