Wanaojitolea wapewe mizani kabla ya fulana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wale wanaojitolea kuufanya mji wao mdogo usiharibu mazingira. Makundi haya huanza kwa kishindo. Fulana huchapishwa, mgeni rasmi huhutubia kuliko muda aliopangiwa, miche hupandwa na mitaro huzibuliwa. Baada ya miezi michache aliyeanzisha kundi hubaki na watu watatu na reki moja, na lawama huangukia wananchi: eti ni wavivu. Mimi sikubali. Watu hukata tamaa pale wanapotoa jasho bila kujua kama limebadili lolote, na hilo hawawezi kulijua ikiwa hakuna aliyepima hali ilivyokuwa kabla hawajaanza.

Kijiji cha Ashton Hayes, Uingereza, chenye wakazi wapatao elfu moja, kilianza mwaka 2006 mpango wa kupunguza hewa ya ukaa inayotokana na maisha yao ya kila siku. Hawakuanza na sherehe ya kupanda miti. Kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Chester walihoji kaya kuhusu umeme, mafuta ya kupashia nyumba joto, safari za gari na za ndege, kisha wakarudia maswali hayo miaka iliyofuata. Baada ya miaka 10 hewa hiyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 24. Mengi waliyofanya hayana mvuto wa kupigiwa picha: kuzuia joto lisipotee nyumbani, kuanika nguo kwenye kamba badala ya kuzikausha kwa mashine, kupunguza safari za ndege. Jambo jingine lililonipendeza ni kwamba hawakuruhusu wanasiasa wageuze mikutano yao kuwa jukwaa. Huenda hilo peke yake liliwaokolea nusu ya muda!

Sisemi kila mji uhesabu hewa ya ukaa. Modbury, mji mwingine mdogo wa Uingereza, ulichagua kitu kinachoonekana kwa macho. Rebecca Hosking, mpiga picha za filamu aliyekuwa ameona ndege wa baharini wakifa kwa plastiki, aliwashawishi wafanyabiashara 43 waache kutoa mifuko ya plastiki. Walianza Mei 2007, tena kwa hiari. Katika mpango wa namna hiyo hesabu ni rahisi, kwani kila duka ama limeacha mifuko ama halijaacha.

Ugumu uko kwenye taka kwa jumla, na hapo ndipo wengi hupotea. Siku ya usafi watu huokota chupa na mifuko, kwa sababu ndivyo vinavyochukiza macho. Ukichukua mizani utaona mambo mengine. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya taka za mijini ni mabaki ya chakula na majani. Taka hizo zikifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Kwa hiyo kundi linaloweza kuzishawishi kaya zitenge maganda na kutengeneza mboji hupunguza mzigo mkubwa kuliko linalookota chupa mwezi mzima. Chupa ziokotwe, sikatai. Lakini bila kupima, kundi halitajua kwamba limeshika sehemu nyepesi.

Miti nayo ihesabiwe baada ya kiangazi, si siku ya kuipanda.

Kuna watakaosema kwamba takwimu huwavunja watu moyo. Wawatazame wakazi wa Kamikatsu, mji mdogo wa Japani. Mwaka 2003 walitangaza kwamba ifikapo 2020 hawatakuwa na taka za kuchoma wala kufukia. Wakawa wanapeleka taka kituoni wenyewe na kuzitenganisha katika mafungu 45. Hawakulifikia lengo, takriban asilimia 80 ndiyo iliyorudishwa kwenye matumizi. Ila kwa kuwa walihesabu, walijua ni nini kiliwashinda: nepi, na bidhaa zilizoundwa kwa malighafi mbalimbali zisizoachanishika. Hapo mwenye nyumba hana la kufanya. Kosa liko kwa kiwanda kilichotengeneza bidhaa hiyo na kwa sheria iliyokiruhusu.

Hii ndiyo faida ninayotaka makundi yetu ya kujitolea yaione. Daftari lenye uzito wa taka za kila wiki linaonyesha kazi ya wananchi inaishia wapi na ya halmashauri inaanzia wapi. Kundi likienda kwa diwani na malalamiko, litaambiwa lisubiri bajeti. Likienda na hesabu ya miezi 12 inayoonyesha kwamba kaya zimekwisha kutenga taka zao, na kwamba gari la halmashauri huzichanganya tena zote njiani kwenda dampo, diwani atalazimika kujibu kuhusu gari.

Ni mimi msomaji wako.