Damu kwenye mkojo si ya kusubiri

Mhariri,

Baba yangu mdogo, mkulima wa mpunga Bahi, siku moja alikojoa mkojo mwekundu kama juisi ya rozela. Hakuumwa popote. Kesho yake ukawa wa kawaida, akarudi shambani. Ulipojirudia, duka la dawa likampa vidonge vya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mara mbili! Kumwambia mkewe aliona aibu.

Saratani ya kibofu cha mkojo mara nyingi huanza hivyo: damu isiyo na maumivu, inayokuja na kupotea. Wengine hubanwa na mkojo kila mara. Mvuta sigara, au aliyewahi kuugua kichocho cha mkojo, yuko hatarini zaidi. Nanyi akina mama, msidhani kila damu ni hedhi. Hospitali watapima mkojo, wapige ultrasaundi, ikibidi waingize kamera ndogo kibofuni.

Msomaji wenu,
Dodoma