Mvua ya Dodoma tunaiacha inakimbilia korongoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Kila msimu ukiharibika huku kwetu utasikia mvua hamna, tabianchi imebadilika, basi stori inaishia hapo. Mi nalima Chamwino na ninavyoona mvua ipo, chache ndio, milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, ila nyingi inapita tu mazao hayainywi.

Piga hesabu mwenyewe. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, ekari ni kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo milimita 500 ni lita milioni mbili kwenye ekari moja tu!! Sasa udongo wetu ukishapigwa jua na kukanyagwa na ng'ombe tangu Mei unakuwa mgumu kama sakafu, ikija ile mvua kubwa ya Desemba maji yanateleza juu juu, yanabeba na udongo mzuri yanaingia korongoni, mvua ikikata ukifukua kidogo tu unakuta chini pakavu. Waingereza walikuja Kongwa 1947 na matrekta yao kulima karanga, udongo huu huu na mvua hii hii vikawashinda, 1951 wakafunga virago.

Tabianchi inachofanya ni kutuongezea fujo. Mvua inashuka yote siku mbili tatu halafu inakata, joto nalo limepanda kwa hiyo hata kale kaunyevu kalikobaki kanaondoka haraka. Kiangazi cha katikati ya msimu tulikuwa nacho toka zamani, ila mahindi yakikutwa nacho yanatoa mbelewele ndo basi tena, hata mvua ikirudi utavuna mabua ya kulishia ng'ombe. Mtama wenyewe unakunja majani unasubiri, mvua ikija unaendelea, na uwele ndo kabisa unavumilia.

Kwa hiyo mi nasema kwanza tuyazuie maji shambani, mengine yafuate. Yapo yale mashimo ya Chololo, yametoka kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma sio ya kuletewa na mtu. Upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, unatia samadi unapanda humo humo na maji yanatuama pale kwenye mzizi. Shida ni kwamba ekari moja inataka mashimo zaidi ya 7,000 na semina zote hapo wanaparuka haraka haraka, nani anachimba? Ni mama na jembe la mkono, tena ardhi imekauka. Ndo maana nawashauri wenzangu anza na robo ekari, mwakani ongeza. Mwenye maksai apige matuta ya kukinga mteremko halafu mifereji iliyo kati ya matuta aizibe kwa udongo kila baada ya hatua chache maji yasikimbie. Na visiki shambani tusiving'oe jamani, chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine punguza, mti unarudi wenyewe bila kununua mche (wachoma mkaa hapa hatutaelewana najua).

Sasa kwa wakubwa. Kila siku mnatuhimiza limeni mtama, sawa, ila nenda duka la pembejeo Novemba uone, rafu imejaa mahindi ya muda mrefu, ukiulizia Macia, ile mbegu ya mtama, unaambiwa imeisha njoo wiki ijayo. Wiki ijayo mvua imeshanyesha! Halafu kuna kweleakwelea, mtu akilima mtama peke yake katikati ya mahindi ya wenzake ndege wote wanashukia kwake, anashinda shambani anaamia toka alfajiri mpaka jua linazama. Dawa ya hilo kwa sehemu iko kwetu, kitongoji kizima tupande mtama kwa wakati mmoja ndege wagawane, lakini watu watapandaje pamoja kama mbegu yenyewe haipo?

Ombi langu, mbegu za mtama na uwele ziwe madukani Oktoba, pale Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapotoa utabiri wa msimu, na afisa ugani aje na huo utabiri mpaka kwenye mkutano wa kijiji atuambie mvua inategemewa kuanza wiki gani na kukata lini, hayo maneno ya wastani hadi chini ya wastani mtu hawezi kupangia shamba.

Mkulima,
Chamwino, Dodoma