Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Mahakama ya Tanzania

Ndugu Mtendaji Mkuu,

YAH: MAENDELEO YA UTUMISHI KWA KADA YA UTAWALA WA MAHAKAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtumishi mstaafu niliyefanya kazi za masjala, yaani ofisi ya kupokea na kutunza majalada, katika mahakama za mkoa wa Tanga, nikaanzia Mahakama ya Mwanzo na kumalizia Mahakama Kuu. Nilistaafu salama, nikalipwa mafao yangu, na sina dai lolote dhidi ya ofisi yako. Naandika hadharani kwa sababu wanaoguswa zaidi na jambo hili bado wako kazini, na barua ya mtumishi aliye kazini sharti ipitie kwa mkuu wake, ambako nyingi hupigwa muhuri, zikafungwa kwenye jalada na kusahauliwa.

Hoja yangu ni moja. Cheo chako ndicho cha juu kabisa katika utawala wa Mahakama, lakini hakuna ngazi inayoeleweka ya kumfikisha huko mtu aliyeanza kazi ndani ya Mahakama yenyewe. Kijana anayeajiriwa leo kuwa karani au mtunza kumbukumbu katika mahakama ya wilaya anajua hakimu aliye naye jengo moja anaweza kuwa msajili, na akijaliwa, jaji. Kuhusu yeye mwenyewe, hakuna anayeweza kumwambia njia yake inaishia wapi.

Hali haikuwa hivi kwa bahati mbaya tu, ina historia yake. Kabla ya Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, Na. 4 ya mwaka 2011, utawala ulikuwa mzigo wa ziada kwa wasajili na mahakimu wafawidhi, yaani mahakimu wasimamizi wa vituo. Hakimu aliyesikiliza asubuhi shauri la unyang'anyi wa kutumia silaha ndiye aliyesaini mchana hati ya malipo ya mafuta ya gari, akasuluhisha ugomvi wa likizo za watumishi, na jioni akarudi kuandika hukumu. Sheria hiyo ilizitenganisha kazi hizo: Msajili Mkuu akabaki na shughuli za kimahakama, na Mtendaji Mkuu, anayeteuliwa na Rais, akawa Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya matumizi ya fedha za umma, na msimamizi wa watumishi, majengo na fedha. Ikaanzishwa pia Mfuko wa Mahakama, na kanda za Mahakama Kuu zikapata watendaji wao. Nakumbuka namna mahakimu wafawidhi walivyopumua, na sidhani kama kuna aliye tayari kuturudisha tulikotoka.

Wala sisemi kwamba walioteuliwa kushika wadhifa huo hawakuumudu. Hussein Kattanga, aliyekuwa miongoni mwa watangulizi katika kiti hicho, alikuja kuteuliwa Katibu Mkuu Kiongozi mwaka 2021, jambo linaloonyesha uzito wa watu waliopelekwa Mahakamani. Viongozi waliokomaa wizarani walikuja wakiijua Hazina, wakijua namna ya kutetea bajeti na kusimamia miradi mikubwa, na matokeo yanaonekana. Mradi wa maboresho uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 65 mwaka 2016 umetuletea Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki katika miji mikubwa, kikiwemo kile cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na masuala ya familia, pamoja na mahakama inayotembea kwa magari tangu 2019. Tarehe 5 Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Makao Makuu ya Mahakama jijini Dodoma. Nililiona jengo hilo kwenye runinga, na ni zuri kweli. Hata hivyo, jengo halijui jalada liko wapi. Anayejua ni mtu wa masjala, na nataka nieleze kwa kina kidogo kazi yake, kwa sababu nahofia haifahamiki vizuri huko juu.

Chukua rufaa ya madai inayotoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinamtaka mrufani awasilishe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Kwa kuwa siku hizo mara nyingi hazitoshi kuandaa nakala ya mwenendo wa shauri, Kanuni ya 90 inaruhusu muda uliotumika kuandaa nakala usihesabiwe, alimradi mrufani aliomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 na kumpa mpinzani wake nakala ya barua hiyo. Muda huo huthibitishwa kwa cheti cha Msajili. Cheti chenyewe ni karatasi moja. Kinataja siku ambayo maombi yalipokelewa na siku ambayo mwombaji aliarifiwa kuwa nakala ziko tayari. Siku moja ikikosewa, cheti kinakuwa na dosari, na zipo rufaa za watu waliopigania mashamba na nyumba zao kwa miaka mingi ambazo ziliondolewa mahakamani kwa sababu ya dosari ya namna hiyo, kabla hata jaji hajafungua hoja ya kwanza.

Cheti kinasainiwa na Msajili, lakini tarehe zake zinatoka masjala. Nilifanya kazi na dada mmoja, katika mahakama nisiyoitaja, ambaye hakuwahi kuandaa rasimu ya cheti bila kuweka vitu vitatu mezani kwa wakati mmoja: barua ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa, rejesta ya barua zinazoingia, na nakala ya barua iliyompelekea mwombaji taarifa. Alikuwa akisema tarehe iliyoandikwa juu ya barua ya wakili si ushahidi wa kitu chochote, kwa maana wakili huandika barua Ijumaa na kuileta Jumatatu. Akikuta muhuri umefifia, alikwenda kwenye rejesta. Akikuta rejesta inatofautiana na muhuri, hakuendelea mpaka msajili amejulishwa. Alipata cheti cha sheria katika chuo cha Mahakama kilichoko Lushoto baada ya kidato cha nne, na kwa miaka mingi vijana wenye shahada walioletwa kumsimamia walianza kazi kwa kuketi pembeni yake wakijifunza. Waliondoka mmoja baada ya mwingine kwenda kwenye nafasi za juu zaidi, wengine katika taasisi nyingine kabisa. Yeye alistaafu akiwa katika kada ileile aliyoajiriwa nayo.

Ndugu Mtendaji Mkuu, mtu yule alikuwa mtawala wa mahakama kwa kila maana ya kazi hiyo isipokuwa ya cheo na mshahara. Alijua kupanga mtiririko wa mashauri, kulinda kumbukumbu, kupokea watu wenye hasira na watu wanaolia, na kumwambia msajili ukweli usiopendeza bila kumkosea adabu. Hayo hayafundishwi wizarani. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Nakuhakikishia kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo, au ya kuuepuka, hutokea masjala kabla shauri halijaitwa.

Wapo watakaosema kwamba mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri umemaliza kazi hizo. Naheshimu sana hatua hiyo. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki zilitoka 2018, na mfumo ulioboreshwa ulioanza kutumika mwishoni mwa 2023 umeokoa muda na nauli za wananchi wengi. Lakini mfumo umeihamisha kazi tu, haujaiondoa. Shauri likisajiliwa chini ya aina isiyo yake, likapangiwa njia isiyo yake, anayeligundua ni mtu anayejua tofauti ya maombi na shauri la msingi, ya marejeo na mapitio. Mtu huyo sasa anatakiwa ajue sheria ya utaratibu, ajue kompyuta, na ajue kumweleza kwa lugha ya kawaida mwananchi asiye na simu janja. Tumemwongezea ujuzi tunaomdai bila kumwongezea hatua ya kupanda. Kuhusu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, nitasema kwa kifupi tu: mfumo unaopima idadi ya majukumu yaliyokamilika hautaiona rufaa iliyookolewa kwa sababu karani alitilia shaka muhuri uliofifia.

Jirani zetu Kenya wamefuata njia nyingine, na si kila kilicho chao kinatufaa. Katiba yao ya 2010 inamtaja Msajili Mkuu wa Mahakama kuwa ndiye mtawala mkuu na afisa masuuli, yaani amevaa kofia mbili ambazo sisi tuliamua kuzigawa, na nadhani tuliamua vyema. Nao wamepata misukosuko yao. Gladys Shollei, wa kwanza kushika wadhifa huo chini ya Katiba mpya, aliondolewa na Tume ya Huduma za Mahakama Oktoba 2013 katika mvutano uliotikisa nchi. Lakini nafasi hiyo hutangazwa, watu huomba, na usaili hufanyika mbele ya macho ya umma. Anne Amadi aliyefuata alitumikia miaka 10, na mwaka 2024 nafasi ilikwenda kwa Winfridah Mokaya, ambaye alikuwa tayari Msajili wa Tume hiyohiyo. Mtumishi wa ngazi ya chini pale Nairobi au Kisumu anaweza kutazama mfano huo na kuona kuwa inawezekana kuinuka kutoka ndani.

Kuna jambo la uhuru wa Mahakama pia, na hapa nitasema kwa tahadhari inayostahili. Katiba yetu inamlinda jaji asiondolewe bila utaratibu mgumu uliowekwa, na Ibara ya 107B inatamka uhuru wa mahakama zote. Mtendaji anayeshika fedha za Mahakama hana ulinzi wa namna hiyo. Anaweza kuletwa kutoka upande mwingine wa Serikali na kuhamishwa vivyo hivyo, akiwa ameanza tu kuuelewa mwaka wa Mahakama unavyokwenda. Sipendekezi tubadilishe Katiba kwa ajili hiyo. Ninachosema ni kwamba kama chini ya Mtendaji Mkuu kungekuwa na kundi la watawala waliolelewa Mahakamani, wanaobaki hata yeye akihamishwa, mabadiliko ya juu yasingeyumbisha kazi za chini.

Uwezo wa kuanza unao wewe mwenyewe, kwa kuwa ndiwe pia Katibu wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, chombo kinachosimamia ajira za maafisa mahakama na za watumishi wasio maafisa mahakama. Naomba uandae na kuipelekea Tume rasimu ya muundo wa maendeleo ya utumishi unaotambua utawala wa mahakama kuwa kada yenye njia moja inayoendelea, tangu masjala ya mahakama ya wilaya, kupitia usimamizi wa masjala na utendaji wa kanda, hadi ngazi za Dodoma. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kipo na kina walimu. Mtumishi akisoma pale akafaulu, cheti chake kimsogeze hatua inayojulikana, badala ya kumpa nakala ya kuweka kwenye jalada lake binafsi. Na nafasi ya mtendaji wa kanda inapokuwa wazi, itangazwe kwanza ndani, wenye sifa waombe na wasailiwe, ndipo itazamwe nje ikiwa hapakupatikana anayefaa.

Najua jibu la kwanza litakuwa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti ya mishahara. Ni jibu la kweli, ila halitoshi. Nafasi ninazozungumzia zipo tayari na zinalipiwa tayari. Kinachokosekana ni utaratibu wa nani anaruhusiwa kuziomba. Jibu la pili litakuwa kwamba mtunza kumbukumbu hana elimu ya uhasibu wala ununuzi. Hilo nalikubali, na ndiyo maana nimetaja Lushoto. Lakini aliyetoka wizarani naye hakuwa na elimu ya utaratibu wa mashauri, na hatukumnyima nafasi kwa sababu hiyo.

Sihitaji kujibiwa kwa jina langu. Waraka wa ofisi yako kwa watumishi unatosha, ukitaja hatua iliyofikiwa na tarehe ya kikao cha Tume kitakachoijadili rasimu, nao ubandikwe kwenye mbao za matangazo za masjala, ambako watumishi hupita kila asubuhi wakienda kusaini daftari la mahudhurio.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtumishi mstaafu wa masjala,
Tanga.

Nakala: Mwenyekiti, Tume ya Utumishi wa Mahakama.