Barua ya wazi kwa vijana wa kriketi: Ntini alikuwa anaukimbia upweke

Wanangu, na hasa ninyi mlio manahodha,

Marahaba kwanza, maana wengi wenu mna adabu ya salamu na hilo siwanyimi. Lakini leo nawaandikia nikiwa na hasira.

Majuzi nilikuwa nikitazama mechi ya vijana. Muda wa chakula ulipofika, timu moja ikajigawa makundi makundi chini ya miti. Mrushaji wao wa kasi, kijana aliyewabeba asubuhi nzima, akaketi juu ya begi lake kando ya rola ya uwanja, peke yake. Yeye anasoma shule ya kata, wenzake wengi wanasoma shule za kulipia. Hakuna aliyemfukuza. Wala hakuna aliyemwita. Mwalimu wake akamwendea, nikashukuru moyoni, kumbe amekwenda kumpa hotuba: usijali, mwige Makhaya Ntini, mrushaji wa kasi wa Afrika Kusini, yule alikuwa hapandi basi la timu, alikimbia kutoka hotelini hadi uwanjani, ndiyo maana akafika mbali. Wenzake waliosikia wakapiga makofi, kisha wakaendelea kula.

Habari hiyo hiyo naiona mkitumiana kwenye simu: Ntini anakimbia, chini yake maneno ya nidhamu na kujituma. Mnasimulia nusu. Nusu mliyoiacha ndiyo inayowahusu ninyi.

Makhaya Ntini alizaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Mdingi, karibu na King William's Town, mji ambao sasa unaitwa Qonce, huko Eastern Cape, Afrika Kusini. Alikuwa mchunga ng'ombe. Kriketi ya nchi ile ilikuwa imetoka kifungoni. Dunia iliwatenga tangu mwaka 1970 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, wakarudi mwaka 1991, na ndipo chama cha kriketi cha jimbo lake kilipoanza kutafuta vipaji vijijini. Raymond Booi, mmoja wa waliotumwa kwenye kazi hiyo, akamwona mtoto huyu akirusha mpira, akamtafutia viatu. Baadaye akapata nafasi Dale College, shule yenye jina kubwa katika michezo. Aliingia akizungumza Kixhosa, Kiingereza chake kikiwa cha kuokoteza. Hapo fikirini kidogo mtoto wa miaka kumi na kitu, bwenini, usiku, hana wa kuzungumza naye kwa lugha ya mama yake.

Mwaka 1998 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya Afrika Kusini. Januari alicheza mechi ya siku moja mjini Perth dhidi ya New Zealand, na Machi akacheza Test, yaani mechi ndefu ya hadi siku tano, yake ya kwanza ikiwa Cape Town dhidi ya Sri Lanka. Wapo waliosema ameingia kwa sababu ya rangi yake, si kwa mpira wake. Alijibu kwa mkono. Mwaka 2003, Lord's, London, akawa Mwafrika Kusini wa kwanza kuchukua wiketi 10, yaani kuwatoa wapigaji 10, katika mechi moja kwenye uwanja ule, akapiga magoti akaibusu ardhi. Mwaka 2005, Port of Spain, akawachukulia West Indies wiketi 13, akiwaachia mikimbio 132, ndiyo pointi za kriketi. Alipomaliza alikuwa na mechi 101 za Test na wiketi 390. Katika historia ya Afrika Kusini ni Dale Steyn na Shaun Pollock tu waliomzidi.

Na muda wote huo alikuwa na tabasamu. Watangazaji walimpenda, watoto wa vitongojini waliimba jina lake. Mtu ungeapa kwamba hakuna chumba cha kubadilishia nguo chenye raha kuliko kile.

Julai 2020 akazungumza na televisheni ya SABC, akayatoa ya moyoni. Alisema miaka yote ile alikuwa mpweke. Hakuna aliyemgongea mlango wa chumba chake hotelini kumwambia twende tukale. Wenzake walipanga mipango ya jioni mbele ya macho yake na wakamruka. Asubuhi akiingia kwenye chumba cha kifungua kinywa, hapana aliyekuja kuketi naye. Akikaa nyuma ya basi, wao wanakwenda mbele. Timu ikishinda ni furaha ya wote. Ikishindwa, wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Basi akabuni njia: anamwahi dereva mapema, anampa begi lake, halafu anakimbia hadi uwanjani. Jioni hivyo hivyo. Watu wakadhani ndiyo desturi yake ya mazoezi, naye hakumwambia yeyote anachokwepa. Mwenyewe alisema alikuwa anaukimbia ule upweke.

Rudieni kusoma hapo. Mtu mzima, nguzo ya timu ya taifa, anaona afadhali atoke jasho barabarani kabla ya kazi ya kutwa ya kurusha mpira, kuliko kukaa kwenye kiti chenye upepo baridi kati ya watu aliovaa nao jezi moja na kuimba nao wimbo mmoja wa taifa. Na ninyi mnaichukua habari hiyo mnampa mtoto aliyetengwa kama dawa! Mnamwambia azoee. Mnamfundisha kwamba kutengwa na wenzake ni ngazi ya mafanikio, na hapo hapo mnajisamehe ninyi mliomtenga. Hilo ndilo lililonipandisha hasira, na bado halijanishuka.

Msiniambie hakuna aliyemtukana. Najua. Hata Ntini malalamiko yake hayakuwa ya kutukanwa. Alizungumza juu ya mlango usiogongwa. Ubaya wa aina hii hauna mtu wa kumshitaki, kila mmoja anasema mimi nilikuwa nakula na rafiki zangu tu, kosa langu liko wapi? Nami nawajibu: kosa liko hapo hapo. Timu siyo kundi la rafiki zako. Rafiki unamchagua, mwenzako wa timu umepewa, na ukishapewa una wajibu naye. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mrushaji mpya anayekuja kuwaangushia wiketi ndiye mgeni huyo, na ninyi mnamwacha juu ya begi.

Nahodha, wewe nina neno nawe peke yako. Kazi yako haianzi kwenye kurusha sarafu wala haiishii kwenye kupanga nani asimame wapi. Ukifika muda wa kula, usikae kabla hujaangalia nani hajakaa. Mkipanga safari ya jioni, usimwachie mtu mwingine amwambie yule mgeni. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, na mapema, ili asije akadhani amekumbukwa mwishoni. Mkipoteza mechi, wewe ndiye wa kuzuia vidole visielekee kwa mtu mmoja. Kama lugha yake ya Kiingereza inasuasua na timu nzima mnajua Kiswahili, zungumzeni Kiswahili kwenye kikao. Kwa nini mjitese na kumtesa?

Juni 2025, kwenye uwanja ule ule wa Lord's, Afrika Kusini iliifunga Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa Test. Nahodha alikuwa Temba Bavuma, mtoto wa Langa, kitongoji cha Cape Town. Walihitaji mikimbio 282. Bavuma aliumia msuli wa nyuma ya paja, akabaki uwanjani akichechemea, na mpigaji mwenzake, Aiden Markram, akakimbia naye kwa mwendo wake yeye Bavuma. Wakaongeza mikimbio 147 wakiwa wawili. Markram alifunga 136, na wengi wanaikumbuka namba hiyo. Mimi nakumbuka jinsi alivyokuwa akimtazama mwenzake kabla ya kuita mkimbio wa pili.

Lakini msidhani nchi ile ilifika hapo kwa kunyamaza. Baada ya Ntini na wengine kusema, mwaka 2021 waliketi kusikiliza ushahidi wa ubaguzi katika kriketi mbele ya wakili Dumisa Ntsebeza. Paul Adams, mrushaji wa mpira wa kuzunguka, alieleza jinsi alivyoitwa jina la kashfa lenye rangi yake ndani yake, na wenzake wakiliimba baada ya ushindi. Waliliimba! Kabla ya hapo, mwaka 2016, waliweka malengo ya idadi ya wachezaji weusi katika kikosi, na malengo hayo yana kazi yake. Ila hayawezi kumgongea mtu mlango saa moja usiku. Hiyo ni kazi ya mtu wa chumba cha jirani. Na Ntini alisema mwanawe Thando, aliyecheza Kombe la Dunia la vijana mwaka 2018, naye ameyaonja.

Kwetu rangi siyo hadithi yote. Kwetu ni ada ya shule, ni mtaa, ni nani baba yake ana gari. Wazazi, msijifiche nyuma ya watoto. Naona gari lenye viti vitupu likitoka uwanjani na kumpita kituoni kijana mwenye begi la pedi za miguu linalomzidi urefu, ilhali amecheza na mwanao kutwa. Mwanao anajifunza kwa dirisha hilo kuliko kwa mwalimu yeyote. Na vilabu vinavyosema mchezo huu ni wa wote, viwanja vyenu vina geti, na mlinzi wa geti anajua wa kumuuliza na wa kumpisha.

Mengine nayasema kwa ufupi. Lindeni migongo yenu, mrushaji wa kasi hana spea. Someni. Viatu vya mwenzako vikiisha, msisubiri aombe. Mwamuzi ni mzee wenu hata akikosea. Pesa ya kwanza ikija, mpe mama. Simu zizimwe wakati wa chakula.

Na wewe kijana unayekaa peke yako, maana najua barua hii itakufikia pia: hukukosea chochote. Kukimbia, kimbia, ni afya. Ila usikae na siri yako miaka ishirini kama alivyokaa Makhaya. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, mwambie mapema.

Mimi niko uwanjani kila Jumamosi jioni, upande wa ubao wa matokeo. Nahodha anayeona nimemwonea aje tubishane. Aje na timu yake yote, pasibaki mtu nyuma.

Mzee wenu.