Koni ishirini mbele ya lori la tani 56

Sisi ni kampuni ndogo ya kukodisha koni na vibao vya kuonya magari kwenye kazi za barabara. Kila wiki simu inalia ofisini kwetu hapa Mbeya, na maneno ni karibu yale yale: "Nina kazi ya kalavati, nataka koni ishirini na vibao viwili kwa siku tatu. Shilingi ngapi?" Zamani tulitaja bei, mteja akalipa, pikapu yake ikaja kubeba. Siku hizi hatutaji bei kabla ya kuuliza kazi iko wapi, itafanyika saa ngapi na watu watakuwa wangapi. Wateja wengine wanakereka, wanaona tunawachelewesha. Tumeona tuwaeleze sababu, maana imetugharimu kuijua.

Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja, ambaye hatumtaji na wala kosa halikuwa lake peke yake, alikodi koni kwetu akazibe viraka kwenye barabara kuu yenye mteremko. Alizipanga kwa mstari mzuri kabisa. Ila koni ya kwanza ilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka pale vijana walipokuwa wanachimba, mara tu unapomaliza kona. Lori lililokuwa linashuka likazipitia, likamgonga kijana aliyekuwa ameinama na chepeo. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mguu ulivunjika sehemu mbili na kazi ya barabara hakuirudia. Koni zilirudi kwetu siku ya tatu, nne zimepasuka, na mtu wetu wa stoo akaandika kwenye daftari: "zimepungua nne." Tulipouliza zimepasukaje ndipo tukasimuliwa. Tulikuwa tumekodisha vifaa vya usalama bila kuuliza swali hata moja la usalama, na jambo hilo halijatutoka moyoni mpaka leo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hoja nyingi za "mbona tulishaweka koni" zinaishia hapo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aone koni, aelewe kuna nini, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki: sekunde moja na nusu imekwisha, na mita 33 zimepita kabla breki haijaguswa. Gari dogo lenye matairi mazuri, kwenye lami kavu na tambarare, litahitaji kama mita 35 nyingine ndipo lisimame. Lori lenye mzigo linahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu breki za upepo huchelewa kidogo kushika, na zikishapata moto kwenye mteremko mrefu nguvu zake hupungua. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu lori kufika tani 56 pamoja na mzigo. Barabara ya TANZAM inapokatiza kwetu inapitisha malori ya namna hiyo mchana na usiku kwenda na kutoka Tunduma, yamebeba mizigo ya Zambia na Kongo, na yanateremka Mlima Nyoka na Iwambi, mahali ambapo kila mkazi wa Mbeya ameshasikia habari ya msiba. Ongeza ukungu wa asubuhi na mvua za kuanzia Desemba. Dereva wa lori hilo, hata awe makini kiasi gani, hawezi kusimama ndani ya mita 15.

Kinachomlinda kibarua ni mwendo kupungua mapema, mbali na alipo. Gari likiwa limeshashuka mpaka kilomita 50 kwa saa, gari dogo linaweza kusimama ndani ya mita 35 hivi kwa jumla. Na mwendo haupunguzwi na kampuni ndogo ya kukodisha vibao. Askari wa usalama barabarani anaweza. Mwenye barabara, yaani TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa au TARURA kwa za wilaya, ndiye anayekubali au kukataa njia ifungwe nusu, na kwa saa zipi. Madereva wa daladala za njia hiyo wanaweza wakiambiwa mapema. Mkandarasi akibaki peke yake na koni zake, amebeba mzigo ambao hawezi kuutua.

Sasa kuna jambo ambalo makandarasi wadogo wanatunong'oneza lakini hawalisemi kikaoni: hela ya vibao haimo kwenye tenda. Au imo, imefichwa ndani ya gharama za jumla za mwanzo wa kazi, na hapo ndipo kila mwenye kutaka ushindi anapunguza. Anayeweka fedha za kutosha kwa ajili ya washika bendera wanne (watu wa kusimamisha na kuruhusu magari), taa za usiku na vibao vya kutosha anaonekana ghali, anakosa kazi. Anayeandika kiasi cha kujazia karatasi anaipata, kisha anatafuta kijana wa kumpa kitambaa chekundu. Hatuwalaumu peke yao. Utaratibu unamwadhibu mwenye kujali.

Kwa hiyo ombi letu kwa wahandisi wa halmashauri na wahandisi washauri wanaotusoma ni moja: gharama za kuongoza magari na kuwakinga wafanyakazi ziandikwe kwenye jedwali la gharama kama kiasi kilichopangwa na mwenye kazi, kilekile kwa wazabuni wote, wasishindanie. Zilipwe kwa kuhesabu: vibao vingapi vimesimama leo, washika bendera wangapi wamefika, taa ngapi ziliwaka usiku. Kisichokuwepo kisilipwe. Tumewahi kufanya kazi chini ya mhandisi aliyetumia utaratibu huu, na tofauti ilionekana wiki ya kwanza: foromani alikuwa anazihesabu koni asubuhi kwa bidii ileile anayohesabia mifuko ya saruji, kwa sababu zote zilikuwa fedha.

Ushirikiano tunaoupigania unaanza na kikao kimoja kabla sururu haijagusa lami. Hakihitaji ukumbi. Vingi tumevifanya chini ya mti, pembeni ya barabara yenyewe, kwa saa moja au mbili. Anakuja foromani, mhandisi au mwakilishi wake, askari wa usalama barabarani, mwenyekiti wa mtaa, mtu wa mamlaka ya maji na wa TANESCO (kijiko kimeshakata mabomba na nyaya nyingi ambazo mtu mmoja tu alijua ziko wapi), kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, na wanawake wanaouza chakula eneo hilo.

Hao wa mwisho mara nyingi wanaachwa, na wao ndio waliotufundisha zaidi.

Tulikuwa kwenye kazi moja ya mitaro. Tumepanga vibao, tumepima, tumeridhika. Mama ntilie mmoja akatuuliza: "Hawa vijana watakuja kwangu kunywa chai saa ngapi?" Tukamwambia saa nne. Akasema: "Basi saa nne ndiyo mtawagongesha." Meza yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Vijana zaidi ya ishirini, wamechoka, wana njaa, wengine wamevua vizibao vya reflekta kwa sababu ya joto, wangevuka barabara kuu kwa mkupuo, na saa sita na nusu wangevuka tena kwa ajili ya wali. Mchoro wetu ulikuwa umewalinda wakiwa kazini, ukawasahau wakiwa mapumzikoni. Tulichofanya ni kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa, akampa mama yule na wenzake wawili nafasi upande wa kazi mpaka mradi uishe, na mkandarasi akasaidia mbao na turubai la kivuli. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ya kukodi kibao kimoja kwa mwezi. Tangu siku hiyo chai ni swali letu la kwanza.

Vijana wa bodaboda nao wanajua mambo ambayo hayamo kwenye ramani: saa ambayo malori yanashuka kwa msururu, pale watoto wa shule wanapokatisha, kona ambayo magari yanahama upande. Ukiwashirikisha wanakuwa walinzi wako. Usipowashirikisha watasogeza koni usiku wapate njia ya mkato, asubuhi utakuta mtaro uko wazi.

Kuhusu mshika bendera tuna hasira kidogo, mtusamehe. Ni mtu anayesimama karibu zaidi na magari kuliko mwingine yeyote saiti, na mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Anachaguliwa aliyekuja jana, au aliyeshindwa kubeba zege. Anasimama tangu saa moja asubuhi mpaka jioni, bila kupokewa hata akajisaidie. Kwetu hatumtoi mtu kwenda barabarani kabla hajafundishwa mambo haya: asiwape magari mgongo, asimame pembeni, si katikati ya njia, kabla hajainua kibao ajue atakimbilia upande gani lori likikataa kusimama, na wawili wanaofungua njia kwa zamu wawe na redio za mkononi, wasitegemee kupungiana mikono wakati kona iko katikati. Tunawabadilisha kila baada ya saa mbili. Mtu aliyesimama kwenye baridi ya Mbeya ya Juni kwa saa nne macho yake yako wazi, akili imeshakwenda kwingine. Wengi wa washika bendera wetu wazuri ni wanawake. Pia tunamwomba askari aje asubuhi ya kwanza asimame nao japo kwa saa moja, madereva wamwone. Kibao cha Simama kinaheshimiwa zaidi kikishaonekana karibu na sare.

Vizibao vyenyewe vikaguliwe. Ile mistari inayong'aa inakufa kwa jua, kufuliwa na kupakwa lami. Kimulike usiku kwa taa ya gari kutoka mbali. Kisipokurudishia mwanga, kimebaki nguo tu. Koni zioshwe vilevile, tope la siku mbili linatosha kuizima.

Hatari haitoki kwa wapita njia tu. Tipa linalorudi nyuma halimwoni mtu aliyechuchumaa karibu na tairi, kwa hiyo tunataka mtu mmoja awe wa kuongoza tipa na awe na kazi hiyo tu. Udongo uliochimbwa mita moja kwa moja kwa moja una uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na mtaro mrefu kwenda chini usiokingwa kingo zake unaweza kumfunika mtu kabla hajapiga kelele. Lami ya moto ikimrukia mtu, mwagieni maji safi ya baridi kwa muda mrefu na mpelekeni hospitali. Msiibandue, itatoka na ngozi. Tunayafundisha haya katika mafunzo ya nusu siku kabla ya kazi kuanza.

Liko na suala la majina. Kibarua anayeokotwa asubuhi kijiweni na kulipwa jioni mara nyingi haandikwi popote. Akiumia, anakuwa mgonjwa wa ndugu zake. Wakati Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anauchangia nusu asilimia ya mishahara anayolipa. Mfuko unalipa matibabu, unamlipa mtu anapokuwa hawezi kufanya kazi, na akifariki unawalipa wategemezi wake. Kwa hela hiyo ndogo hatuoni sababu ya kumwacha kibarua nje. Wateja wetu wanaochukua huduma kamili tunawasaidia kufungua daftari la mahudhurio lenye jina, simu na mtu wa kumpigia, likaguliwe na mwakilishi wa usalama ambaye vibarua wamemchagua wenyewe. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapokuja kukagua huliulizia, lakini sababu yetu kubwa ni yule kijana wa kwanza. Tulipokwenda hospitali kumwona, hakuna aliyejua jina lake la pili.

Wizi nao tusiukwepe. Kibao cha chuma kinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tumeacha kutumia chuma kila inapowezekana, tunatumia plastiki ngumu na mbao, na tunamlipa mlinzi anayetoka mtaa huohuo. Wa kutoka mbali hawajui nani anapita na nini saa nane za usiku.

Bei hatuziandiki hapa kwa sababu kona, mteremko na saa za kazi ndivyo vinavyoamua. Katika barabara kuu iliyo tambarare, kibao chetu cha kwanza hakikai chini ya mita 200 kabla ya kazi. Kwenye mteremko au kona tunarudi nyuma mpaka pale dereva anapokiona vizuri akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Hiyo ina maana wakati mwingine ukiomba vibao viwili tutakuambia unahitaji vinane, na ukikataa tutakuomba radhi tusikukodishe. Tumeshapoteza kazi kwa hilo na tutapoteza nyingine. Ukaguzi wa eneo ndani ya jiji la Mbeya na Mbalizi hatuutozi.

Njoo kabla hujaweka sahihi kwenye mkataba, wakati bado inawezekana kuongeza mstari mmoja kwenye jedwali la gharama. Njoo na mchoro, hata wa kalamu, na uje na foromani wako. Tutamuuliza barabara inainamia wapi, jua la jioni linampiga dereva upande gani, na vijana watakunywa chai wapi.