Barua kwa mwanangu: kuandikwa si kuletewa mlangoni

Mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa shambani nimekalia gunia. Unasema umetuma CV mpaka umechoka na sasa umeamua kumwachia Hashem, Mungu wetu, kila kitu, si riziki ya mtu inaandikwa Rosh Hashana, mwaka mpya wetu Wayahudi? Ni kweli, Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wetu, inasema hivyo na mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini kuandikwa si kuletewa mlangoni.

Angalia mana kule jangwani. Chakula kinashuka kutoka mbinguni, hakuna aliyelima wala kupalilia, na bado ilibidi mtu aamke mapema atoke hemani ainame aokote, pishi moja kwa kila kichwa, ukilala mpaka jua likawa kali unakuta imeshayeyuka. Na wale waliojifanya wajanja wakaweka ya kesho waliamkia mabuu na uvundo. Kutoka 16, isome tena pole pole. Ile kuinama ndiyo hishtadluti, juhudi yako, na ile kulala usiku chombo kikiwa kitupu bila wasiwasi ndiyo bitahoni, kumtumaini Hashem. Ni watu wale wale, siku ile ile.

Marabi wenyewe walibishana. Rabi Shimon bar Yochai aliuliza, mtu akilima wakati wa kulima na akavuna wakati wa kuvuna, Torati ataisoma saa ngapi? Rabi Yishmael yeye alisema wewe lima tu, pamoja na Torati yako. Abaye, mwalimu mwingine wa Talmudi, alipokuja baadaye aliangalia yaliyotokea: wengi walifuata njia ya Yishmael wakafaulu, wengi wakafuata ya Shimon wasifaulu. Nashukuru sana kwamba hawakulificha hilo.

Tena ile sehemu ya Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, ya mambo ya kilimo, Zeraim, Talmudi inaiita Imani. Mimi hilo nalijua kwa vidole vyangu. Kiazi cha mbegu kimetoa macho manne matano, ungekichemsha watoto wale leo, na wewe unakifukia kwenye udongo mkavu hata wingu huoni.

Sasa kuna kitu sijawahi kukuambia. Mwaka ule ukiwa na miaka sita, broka alifika na lori Ijumaa jua linazama, Shabati ikiingia, siku yetu ya saba isiyo ya kazi wala biashara, akasema ni sasa hivi au anaenda kwa jirani. Nikahesabu magunia kwa tochi. Alilipa vizuri, sikupata hasara hata ya shilingi, sitakudanganya eti Hashem alinichapa. Lakini nilipoingia ndani nilikukuta mezani, mishumaa haijawashwa, umeshika kiberiti kwa mikono miwili, ukaniuliza, Mama, Shabati imeshapita? Waisraeli waliotoka kuokota siku ya saba hawakukuta kitu, mimi nilikuta pesa na nadhani hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana ingeweza kunizoesha.

Kwa hiyo Jumapili uamke mapema utume hizo CV, zote, na uende kwa wale uliosema hawatajibu. Wakikuita intavyuu Jumamosi waombe siku nyingine bila kutetemeka, wakikataa basi, ya kwako haiko hapo. Nimekutumia mia tano ya kuprinti, na ununue mishumaa usiniambie umesahau.

Viazi tumemaliza kupanda jana. Mvua bado.

Mama yako